Ukuta wa matumbawe hautaki saruji

Nikiitwa na waumini waliopata kanisa la zamani huku pwani, mara nyingi kamati ya ujenzi imeshaamua: lipu mpya ya saruji, rangi ya mafuta, vigae hadi usawa wa kiuno. Nawaelewa. Ukuta unabambuka na watu wanatamani nyumba ya Mungu ipendeze. Lakini kabla saruji haijanunuliwa, naomba tuujue kwanza ukuta wenyewe.

Ni mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa. Jiwe hili lina vitundu vingi, linanyonya unyevu wa ardhini na kuutoa hewani kupitia lipu ya chokaa. Unyevu huo una chumvi. Saruji ikiuziba uso, maji yanapanda juu zaidi kutafuta pa kutokea, na chumvi inaganda nyuma ya lipu, inalisaga jiwe. Hatimaye lipu inaanguka na uso wa jiwe umeng'ang'ania mgongoni mwake. Jiwe lililoliwa hivyo halirudi.

Wengine, wakitetea saruji, hunitajia Kanisa Kuu la Mkunazini, Zanzibar. Askofu Edward Steere alianza kulijenga mwaka 1873, palipokuwa soko la watumwa, na paa lake akalitengeneza kwa saruji na matumbawe yaliyopondwa. Kweli, ila lile ni paa. Halinyonyi maji ya ardhini.

Kwa hiyo naanzia nje: maji ya mvua yapelekwe mbali na msingi, na udongo uliorundikana ukutani uondolewe. Saruji ya zamani inabanduliwa kwa patasi, polepole, kisha ukuta unaachwa ukauke. Ndipo ije lipu ya chokaa iliyolowekwa ikaiva, sehemu moja kwa tatu za mchanga wa mto. Mchanga wa ufukweni sitaki kuuona, una chumvi. Tabaka ziwe nyembamba, zinyunyiziwe maji na zifunikwe magunia mabichi zisipigwe na jua, kwa sababu chokaa hukomaa kwa kuvuta hewa ya ukaa hadi igeuke jiwe tena. Fundi mwenye haraka simpi kazi hii. Rangi nayo iwe chokaa.

Kuhusu muziki: kuta ngumu na dari ndefu hurudisha sauti, hivyo spika mbili kubwa madhabahuni zitayavuruga maneno ya mchungaji. Spika ndogo kando ya safu za viti, kwa sauti ya chini, husikika vizuri zaidi. Nyaya zipite kwenye uso wa ukuta ndani ya mabomba, ukuta usichimbwe.

Kisima cha ubatizo ndicho hunipa wasiwasi zaidi. Kikivuja ndani, msingi unakunywa maji mwaka mzima bila mtu kujua. Nashauri kijengwe uani, mbali na ukuta, kiwe na bomba la kutolea maji, na wazee wengi wa kanisa hulikubali hilo bila mabishano.