Nyumba kongwe za Massachusetts: yasemwayo barazani na yaliyomo ndani ya boriti

Dedham, mji ulio kusini-magharibi mwa Boston, una nyumba ya Fairbanks. Ndiyo nyumba ya fremu ya mbao kongwe kuliko zote zilizobaki Amerika Kaskazini, na sifa hiyo si ya kujipigia debe. Boriti zake zimepimwa, na miti iliyozitoa ilikatwa kati ya 1637 na 1641. Si nyumba kongwe kuliko zote Marekani, maana wenyeji wa asili wa Taos na Acoma huko New Mexico walikuwa na majengo yao kabla Mwingereza yeyote hajakanyaga Plymouth. Hata ndani ya Massachusetts, majirani wengi wa Fairbanks waliodaiwa kuwa rika lake wameonekana kuwa wadogo kwa miaka 20, 30, hata 40.

«Mwaka ulio kwenye kibao ndio mwaka wa nyumba»

Hapa ndipo makosa mengi yanapoanzia. Vibao vingi viliwekwa kwa kutegemea masimulizi ya ukoo na hati za ardhi. Hati ya ardhi hueleza ni lini mtu alipewa kiwanja tu. Juu ya kiwanja hicho pengine kilijengwa kibanda, kikaungua au kikabomolewa, na nyumba tunayoiona ikaja zamu ya mtoto au mjukuu. Nyumba ya Balch huko Beverly ilitajwa kwa miaka mingi kuwa ya 1636, lakini mbao zake ni za 1679. Nyumba ya Pierce, Dorchester, ilisemwa ni ya 1650 hivi. Mbao zikatoa 1683. Ya Blake, palepale Dorchester, ilishuka kutoka mwisho wa miaka ya 1640 hadi 1661. Nyumba ya Boardman huko Saugus iliaminika kuwa ilijengwa kwa ajili ya wafungwa wa Kiskoti walioletwa kufanya kazi kwenye kiwanda cha chuma baada ya kushindwa na Waingereza katika vita vya Dunbar vya 1650. Mbao zake ni za 1692, wakati kiwanda chenyewe kilikuwa kimekwisha kufa.

Upimaji wenyewe unaendaje? Mwaloni huongeza pete moja kila mwaka: nene mwaka wa mvua nzuri, nyembamba mwaka wa ukame. Mpangilio huo wa pete nene na nyembamba haujirudii sawasawa, kwa hiyo unaweza kulinganishwa na kielelezo cha eneo kilichokwisha kujulikana miaka yake. Mpimaji huchagua boriti kadhaa kutoka sehemu mbalimbali za fremu, akatoboa kwa keekee yenye uwazi katikati na kutoa kijiti chembamba kama penseli. Tundu huzibwa kwa kipande cha mti. Kijiti hulainishwa kwa msasa hadi pete zionekane chini ya darubini, kisha hupimwa moja baada ya nyingine. Pete zikiwa chini ya 50 hivi, ulinganisho huanza kuyumba, kwa sababu mpangilio mfupi unaweza kuoana na zaidi ya mahali pamoja.

Kitu cha thamani kuliko vyote ni ukingo wenye gome. Pete ya mwisho chini ya gome ndiyo mwaka wa kukatwa mti, na ikiwa imekamilika, mti ulikatwa kati ya vuli na mwanzo wa machipuko. Mwaloni ulichongwa ukiwa mbichi, kwani ukikauka unagoma mbele ya tezo, kwa hiyo nyumba ilisimamishwa mwaka uleule au muda mfupi baadaye.

Yanayoharibu kazi yanafahamika. Fundi wa zamani aliichonga boriti hadi gome na mti laini wa nje vikaondoka vyote. Hapo unapata tu kauli kwamba mti ulikatwa baada ya mwaka fulani. Wadudu hula sehemu hiyohiyo ya nje. Mti uliokua haraka una pete chache. Kubwa kuliko yote, boriti moja inaweza kuwa ilitolewa kwenye nyumba nyingine. Mtu akikuletea mwaka uliotokana na boriti moja tu, mwombe nyingine. Nyumba chache, kama ya mchungaji Capen huko Topsfield, zimerahisisha mambo: mwaka 1683 umechongwa kwenye boriti zenyewe.

«Misumari ya kufuliwa kwa mkono inathibitisha umri»

Inathibitisha umri wa msumari. Ya kufuliwa ilitawala hadi miaka ya 1790, ikafuatiwa na ya kukatwa kwa mashine, na ya waya ikaenea mwishoni mwa karne ya 19. Lakini chuma kilikuwa ghali na misumari ilinyooshwa ikatumika tena. Isitoshe, fremu yenyewe haikushikwa kwa misumari: ulimi wa boriti uliingia kwenye tundu la nguzo, ukafungwa kwa kigingi cha mti.

«Waingereza wa kwanza waliishi kwenye nyumba za magogo»

Picha hiyo ni ya kalenda. Waliotua Plymouth mwaka 1620 walijenga kama kwao: fremu, ukuta wa fito na udongo, kisha mbao za nje zilizopandishana kama magamba ya samaki. Ujenzi wa magogo yaliyolazwa na kupishana pembeni uliletwa na Waswidi na Wafini kwenye bonde la mto Delaware kuanzia 1638. Huko Maine na New Hampshire kuna nyumba chache za ulinzi zenye kuta za magogo mazito yaliyopasuliwa kwa msumeno, lakini ni jambo la baadaye na la mpakani. Nyumba za Plymouth anazopigia picha mtalii zimejengwa upya katika karne ya 20. Ya miaka ya 1620 haikubaki hata moja.

«Ghorofa ya juu ilitokeza ili kuwamwagia Wahindi Wekundu, wenyeji wa asili, maji ya moto»

Watembeza wageni wanaipenda sana hii. Piga magoti chini ya sehemu inayotokeza uangalie juu: mbao zimefunga, hakuna tundu la kumwagia chochote. Mitaa ya Uingereza ilijaa nyumba za namna hiyo, na mafundi walivuka bahari na mazoea yao. Kuna na faida ya kiufundi. Nguzo inayopanda ghorofa mbili bila kukatika hutobolewa pande mbili au tatu pahali pamoja ili kupokea boriti, na hapo ndipo inapodhoofika. Ghorofa ya juu ikitokeza, inakuwa na nguzo zake, na matundu hayarundikani. Pasipotokeza, fundi aliiacha nguzo iwe nene kuelekea juu, mara nyingi kwa kuusimamisha mti kichwa chini, shina likiwa juu.

«Paa la nyuma liliteremshwa ili kukwepa kodi ya Malkia Anne wa Uingereza»

Hakuna sheria ya kodi kama hiyo. Anne alitawazwa 1702, na nyumba ya Boardman ilikuwa na chumba chake cha nyuma kufikia 1696. Familia zilikua, jiko likahitaji nafasi, wakaongeza kibanda cha kuegemea nyuma na kulirefusha paa juu yake. Ushahidi uko darini: ukipanda juu ya kibanda hicho pale Boardman, unakuta mbao za ukuta wa nje wa awali zikiwa bado mahali pake, leo zikiwa ndani ya nyumba.

Ya milango mifupi kwa kuwa watu walikuwa wafupi tuipite haraka. Wanajeshi wazaliwa wa makoloni ya Kiingereza ya Amerika wakati wa vita vya uhuru walikuwa na wastani wa karibu sentimita 173. Chumba kifupi kilihifadhi joto, na boriti kuu iliyopita katikati ya dari iliwabamiza watu vichwa enzi hizo kama sasa.

«Boriti zilitoka kwenye meli zilizovunjwa»

Matundu matupu kwenye boriti ndiyo yanayozaa hadithi hii. Mara nyingi yalibeba nguzo ndogo za ukuta au fremu ya dirisha lililohamishwa, au boriti ilitoka kwenye nyumba ya zamani. Mbao za meli zimepinda. Boriti za nyumba zimenyooka. Hata kanisa la Old Ship huko Hingham, la 1681, halikutengenezwa kwa meli. Kenchi zake zimepinda zikafanana na meli iliyogeuzwa, na hata huo mwonekano ulifichwa na dari ya plasta hadi 1930.

«Unachokiona ndicho walichokiona wao»

Paul Revere, mfua fedha na shujaa wa vita vya uhuru, alinunua nyumba yake ya Boston mwaka 1770, na wakati huo ilikuwa imekwisha kuinuliwa kuwa na ghorofa tatu. Waliokarabati mwaka 1907 na 1908 waliirudisha kwenye sura ya mwanzo, ya 1680 hivi. Revere akifufuka leo atauliza ghorofa yake ya juu imekwenda wapi. Madirisha ya vioo vidogo vya umbo la almasi nayo, kwa sehemu kubwa, ni kazi ya wakarabati, kwa sababu ya awali yaling'olewa katika karne ya 18 yalipoingia madirisha ya kupandisha na kushusha.

Salem, bandari ambayo katika karne ya 19 ilipeleka vitambaa vya merikani hadi Unguja, ina ile inayoitwa Nyumba ya Mchawi. Hakuna mshitakiwa wa uchawi aliyeishi humo. Ilikuwa ya Jonathan Corwin, aliyeinunua mwaka 1675 na kuwa mmoja wa mahakimu wa kesi za uchawi za 1692. Katikati ya miaka ya 1940 barabara ilipopanuliwa, nyumba ilisogezwa nyuma yapata mita 10. Kwa hiyo anayetaka kujua umri wake apande darini. Msingi ulio chini yake ni wa karne ya 20.