Je, wajua kwa nini lori la mtumba huwasha taa nyingi za hatari kwa mpigo?

Mtu anayenunua lori lililokwisha kutumika miaka kumi na zaidi Ulaya au Japani hukutana mapema na jambo la kushangaza. Asubuhi moja stata inazunguka kwa uvivu, na injini inapowaka, taa ya injini, ya ABS (mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge breki zinaposhikwa) na ya giaboksi zinabaki zimewaka zote pamoja. Ni nadra mifumo mitatu kuharibika usiku mmoja. Mara nyingi kilichoharibika ni kitu kimoja ambacho yote inakitegemea, yaani njia ya umeme, na hasa ile ya kurudi kwenye betri ambayo mafundi huiita ethi.

Malori mengi makubwa hutumia volti 24, zinazopatikana kwa kuunganisha betri mbili za volti 12 kwa mfuatano. Umeme hutoka upande wa chanya kwa waya, lakini kurudi kwake upande wa hasi hutegemea sana chuma cha chasisi na cha injini. Hapo ndipo penye udhaifu, kwa sababu injini haikukaa chuma kwa chuma juu ya chasisi; imekalia raba nene za kupunguza mtikisiko, na raba haipitishi umeme. Ndiyo maana huwekwa mkanda wa shaba uliosukwa, au waya mnene, wa kuunganisha injini na chasisi. Kabini nayo huwa na wake. Baada ya miaka ya matope, ya chumvi inayomwagwa kwenye barabara za Ulaya wakati wa theluji, na ya kuoshwa kwa maji ya presha, nyuzi za mkanda huo hukatika moja moja na chini ya boliti yake huota kutu. Wakati mwingine mkanda hufunguliwa, chasisi ikapigwa rangi ili lori livutie mnunuzi, kisha ukarudishwa juu ya rangi hiyo hiyo.

Hasara yake inaweza kuhesabiwa. Stata ikivuta ampea 400 kupitia ungio lenye ukinzani wa omu 0.005 tu, volti 2 hupotea pale pale, ingawa ukinzani mdogo kiasi hicho hauonekani vizuri kwenye mita ya kawaida. Lori la zamani lenye pampu ya dizeli isiyo na kompyuta lingevumilia, kwani likishawaka halikuhitaji umeme mwingi. Mambo yalibadilika baada ya mwaka 1995, kampuni ya Denso ya Japani ilipoingiza kwenye lori la Hino mfumo wa komoni reli, ambao dizeli hukaa kwa presha kubwa kwenye bomba moja linalolisha nozeli zote: tangu hapo, katika injini za aina hiyo, kompyuta ndiyo inayoamua kila nozeli ifunguke lini na kwa muda gani.

Kompyuta za injini, breki na giaboksi hupeana taarifa kupitia nyaya mbili zilizosokotwa pamoja, kwa mfumo wa mawasiliano uitwao CAN, ambao kampuni ya Bosch ya Ujerumani iliutangaza mwaka 1986. Umeme ukishuka wakati stata inavuta, kompyuta moja ikazimika hata kwa sekunde moja, nyingine huandika kwamba zimekosa taarifa zake, na kila moja huwasha taa yake. Fundi akichomeka mashine ya kupimia husoma orodha ndefu ya hitilafu, na asipokuwa makini atamwagiza mwenye lori anunue sensa tatu zilizo nzima. Mashine hiyo hueleza kile kompyuta ilichokiona, si lazima kile kilichoharibika.

Kwa hiyo kipimo cha kwanza ni cha bei nafuu. Betri zilizojaa, injini ikiwa imezimwa, zisome takriban volti 25.4, injini ikiunguruma, alteneta, inayochaji betri, ifikishe kama 28. Kisha weka gia huru na breki ya mkono, uguse temino ya hasi kwa ncha moja ya mita na chuma kitupu cha injini kwa ncha nyingine, mwenzako apige stata. Ikisoma zaidi ya volti 1, ethi ina kasoro: fungua boliti, kwangua hadi chuma king'ae, na ubadilishe mkanda ulioliwa.

Pima pia kila betri peke yake. Madereva wengi huchukua volti 12 za redio na chaja ya simu kwenye betri moja tu, jambo linaloifanya hiyo isijae na mwenzake ijazwe kupita kiasi, hadi zote mbili zife kabla ya wakati. Dawa yake ni kibadilishi cha kushusha volti 24 hadi 12, na si betri mpya.

Umeme ukishatengemaa, futa kwa mashine hitilafu zote zilizoandikwa kwenye kompyuta na uliendeshe lori. Ile itakayorudi ndiyo ya kufuatwa. Ikiwa ni ABS ya gurudumu moja, huenda sensa imesogea mbali na pete yake ya meno kwa sababu ya beringi iliyolegea. Beringi ikisharekebishwa, katika malori mengi sensa husukumwa taratibu hadi iguse pete, na gurudumu likizunguka huirudisha lenyewe mahali pake. Kama lori linakosa nguvu mlimani, kagua kwanza filta ya dizeli, kisha mipira ya intakula, yaani kipozeo cha hewa inayosukumwa na tabo kuingia kwenye injini: mpasuko mdogo huacha alama ya mafuta na vumbi, na hufunguka pale tabo inapojaza hewa.