Saa ambayo Linux huiamini

Seva ya hifadhidata ninayoitunza ilianza kusuasua ghafla. Diski nzima, mtandao mzima, kumbukumbu ya kutosha. Nilipochungulia faili la current_clocksource, linalotaja saa ambayo Linux, mfumo endeshi wa seva, inaitumia, nikakuta neno moja: hpet. Siku zote lilikuwa tsc, jina la saa nyingine. Hapo nikamjua mchawi.

Kompyuta moja hubeba saa kadhaa. Ile ya betri kwenye bodi mama hupiga mara 32,768 kwa sekunde, na kazi yake kubwa ni kutunza tarehe mashine ikiwa imezimwa. Mashine ikishawaka, Linux hutafuta kihesabu chenye kasi zaidi, na kila kihesabu kina alama zake. Kwenye vichakataji vya Intel na AMD, TSC ina 300, HPET 250, saa ya ACPI (ya mfumo wa kusimamia umeme) 200. Chenye alama nyingi ndicho hushika zamu, mradi kisionekane na kasoro.

TSC imo ndani ya kichakataji chenyewe, kwa hiyo programu huisoma papo hapo bila hata kukiita kiini cha mfumo (kernel). HPET iko nje. Kila anayetaka kujua saa hupitia kwenye kiini, na safari hiyo yaweza kula karibu mikrosekunde nzima, yaani sehemu moja ya milioni ya sekunde. Hifadhidata ikiuliza saa mara 300,000 kwa sekunde, sekunde 0.3 za kichakataji zimeteketea kwa kuuliza saa tu!

Basi kwa nini Linux iiache TSC? Kwa sababu iliwahi kudanganya. Ilipokuja na Pentium mwaka 1993 ilihesabu mizunguko ya kichakataji. Baadaye vichakataji vikaanza kubadili kasi ili kuokoa umeme, nayo ikawa inakimbia na kuzubaa pamoja navyo. TSC za leo zina mwendo mmoja (tafuta constant_tsc na nonstop_tsc katika /proc/cpuinfo), lakini Linux bado huweza kuiwekea mlinzi anayeilinganisha na saa nyingine kila nusu sekunde. Zikipishana kupita kiasi, TSC hushushwa cheo palepale. Kwangu, dmesg, daftari la ujumbe wa kiini, ilikuwa imeyaandika yote hayo.

Wengi wakifika hapo huongeza tsc=reliable wakati wa kuwasha, amri ya kuiamini TSC bila mlinzi. Mimi sikubali kabla sijajua chanzo: huko ni kumfukuza mlinzi huku mwizi yungali ndani. Saa ikirudi nyuma, miamala hupangwa kinyume, na hilo ni baya kuliko seva kwenda polepole. Nilisasisha BIOS (programu ya bodi mama inayowasha mashine) kwanza, nikawasha upya, nikamwacha mlinzi kazini. Faili sasa linasoma tsc.