Sisimizi Wenye Mabawa, Malkia na Sheria: Ufafanuzi kwa Wakazi wa Dodoma

Mvua za kwanza zikishanyesha hapa Dodoma, kwa kawaida kati ya mwisho wa Novemba na Desemba, simu za ofisi yetu ya kutambua wadudu hazitulii. Wananchi wa Chamwino, Bahi na mjini wanauliza ni mdudu gani huyu mpya aliyejaa kwenye taa ya baraza. Siku hizi limeongezeka swali la pili: malkia wa sisimizi anauzwa bei gani?

La kwanza ni jepesi. Wanaojaa kwenye taa ni kumbikumbi au sisimizi wenye mabawa, na kumbikumbi si sisimizi. Kumbikumbi ni mchwa, na mchwa ni wa ukoo mmoja na mende. Sisimizi ni wa ukoo wa nyigu na nyuki. Ukimshika, tazama kiuno: cha sisimizi kimebanwa mno, papasi zake (vile vipembe vyembamba vya kichwani) zimepinda kama kiwiko, na mabawa ya mbele ni marefu kuliko ya nyuma. Kumbikumbi hana kiuno hicho, papasi zake zimenyooka, na mabawa yake manne yanalingana. Haya yanaonekana kwa macho matupu. Hayahitaji maabara, na hakika hayahitaji simu saa nne usiku.

Wala sisimizi mwenye mabawa si mdudu mpya. Ni madume na malkia wachanga waliotoka kwenye vichuguu vilevile mnavyovipita kila siku. Zimeni taa, watapungua wenyewe. Anayelazimika kupuliza dawa atumie iliyosajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, si ile ya kupimiwa kwenye chupa ya maji ya kunywa.

Kinachotuvutia sisi ni kifua. Mwaka 2014 Roberto Keller, Christian Peeters na Patrícia Beldade walichapisha katika jarida la eLife utafiti wao kuhusu kifua cha sisimizi. Kifua cha mdudu kina pingili tatu. Kwa malkia, ya pili ndiyo kubwa kwa sababu imebeba misuli ya mabawa. Wengi hudhani kibarua, yule sisimizi mfanyakazi asiye na mabawa, ni malkia aliyepunguziwa mabawa, basi. Sivyo. Pingili yake ya kwanza imepanuka na kujaa misuli ya shingo, na ndiyo inayomwezesha kuinua mzigo kwa taya na kutembea nao. Mwili umejengwa upya kwa kazi ya ardhini.

Tena waligundua kwamba malkia wenyewe hawafanani. Yupo anayejifungia chini ya ardhi baada ya kupandwa, asile kitu, akiwalisha watoto wa kwanza kwa akiba ya mwili wake, ikiwemo misuli ya mabawa asiyoyahitaji tena. Huyo pingili yake ya kwanza ni ndogo. Anayetoka kuwinda anayo kubwa, inayokaribia ya kibarua. Kwa hiyo hata malkia aliyekauka kwenye droo ya makumbusho unaweza kukisia alivyoanzisha maisha yake. Undugu wa sisimizi na nyigu nao una ushahidi wake: mwaka 1967 wanasayansi walieleza sisimizi wa kale aliyehifadhiwa ndani ya kaharabu (utomvu wa mti uliogeuka kuwa jiwe) ya New Jersey, Marekani, mwenye taya fupi za nyigu na mwili wa sisimizi.

Sasa biashara. Mwaka 2025 raia wawili wa Ubelgiji walikutwa Kenya na sisimizi wapatao 5,000, na mahakama ikawatoza kila mmoja faini ya shilingi milioni 1 za Kenya au kifungo cha miezi 12. Kinachotafutwa ni malkia, maana malkia mmoja ni kichuguu kizima cha kesho. Hapa kwetu Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inamhesabu pia asiye na uti wa mgongo kuwa ni mnyama, na mwaka 2016 Serikali ilisitisha usafirishaji wa wanyamapori hai nje ya nchi. Kwa hiyo "ni mdudu tu" si utetezi. Mtafiti huhitaji kibali cha Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, na utafiti wa wanyamapori hupitia Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori, TAWIRI. Kibali cha kukusanya si kibali cha kusafirisha. Hicho huombwa peke yake. Maelezo haya ni ya jumla na hayachukui nafasi ya ushauri wa mwanasheria.

Anayetaka tumtambulie mdudu wa nyumbani kwake alete wachache waliokufa, ndani ya kichupa chenye spiriti, kifuniko kikiwa kimekaza. Ndani ya kichupa hichohicho aweke karatasi yenye jina la kijiji au mtaa, tarehe, mahali alipookotwa (ukutani, mtini, shambani) na jina la aliyemwokota. Andikeni kwa penseli. Wino wa kalamu huyeyuka kwenye spiriti, na kichupa kisichosomeka hatuwezi kukiingiza kwenye daftari. Waliofungwa kwenye mfuko wa nailoni hufika wameoza, nao hatuwapokei.