Dawa ya wadudu haiishii hewani, inashuka kwenye maji

Dhana: harufu ikiisha, dawa nayo imeisha.

Hapana jamani. Harufu ile mara nyingi ni ya manukato na mafuta yaliyochanganywa humo, sumu yenyewe iko palepale. Ukipuliza, matone makubwa yanadondoka karibu ila yale madogo kabisa, chini ya maikroni 100 hivi (yaani sehemu ya kumi ya milimita), yanaelea kama ukungu na upepo unayabeba mbali, alafu yanatua kwenye majani, kwenye udongo, kwenye bwawa, na mvua ikinyesha inayaosha kutoka hewani mpaka mtoni. DDT, dawa ya wadudu iliyotumika sana zamani, ilikutwa hadi kwenye miili ya pengwini wa Antaktika, kule ambako hakuna shamba hata moja.

Dhana: kidogo vile kitafanya nini kwenye maji mengi?

Hapa ndo watu wengi wanakosea na ndo panaponiuma. Dawa nyingi za kopo na za shambani ni za kundi la pairethroidi, zile sipamethrini, deltamethrini, permethrini. Sisi miili yetu inazivunja haraka, samaki hawezi kuzivunja kwa kasi hiyo, na anazivuta moja kwa moja kwa mashavu anayopumulia. Kwa samaki wengi mikrogramu chache tu kwenye lita moja ya maji zinatosha kuua, na mikrogramu moja ni sehemu ya milioni ya gramu! Kamba, kaa wadogo na wadudu wa majini wanakufa hata kwa kiasi pungufu ya hicho, sasa hao ndo chakula cha samaki, kwa hiyo unaweza kuona samaki wako hai leo kumbe chakula chao kimeshaisha.

Dhana: dawa ya pareto, ile ya maua, ni ya asili, haina shida.

Ni kweli inavunjika haraka juani, lakini kwa samaki ni sumu kali vilevile.

Dhana: alfajiri hakuna upepo, ndo muda salama wa kupuliza.

Upepo mkali ni mbaya, hilo tunajua. Ila hewa ikitulia kabisa alfajiri au usiku, hewa baridi inalala chini na ya joto inakaa juu kama kifuniko, basi yale matone madogo yananing'inia hapo chini na kusogea polepole kuelekea mabondeni, na mabondeni ndo kwenye maji. Upepo mwepesi unaotoka upande wa maji kuja kwako ni bora kuliko utulivu ule.

Dhana: maji yakionekana masafi, dawa haipo.

Pairethroidi haipendi maji, inaganda kwenye tope. Juu maji meupe kabisaa, chini wanaokula kwenye tope bado wanaipata.

Dhana: samaki wa kwenye tangi wako ndani ya maji, dawa ya mbu haiwafikii.

Mimi nilipuliza sebuleni, nikafunika chakula na vyombo, tangi nikaliacha na pampu ya hewa ikiendelea. Ile pampu inavuta hewa ya chumbani na kuisukuma ndani ya maji, yaani nilikuwa nawapulizia mule mule. Asubuhi wawili walikuwa wanazunguka ubavu, midomo juu ya maji, mchana wamekufa. Siku hizi tangi likiwa chumbani sipulizi, na ikibidi nalihamisha kwanza, silirudishi mpaka madirisha yamekaa wazi muda mrefu.