Ulikuwa nani kwake?

Mfiwa anayekuja ofisini kwangu ni nadra kuwa yule aliyekaa kwenye mkeka. Yule ana watu. Ananyweshwa uji, analia mbele za watu mpaka matanga yanaanuliwa. Mimi ni mshauri nasaha hapa Dar es Salaam, na anayenijia ni aliyekaa kiti cha plastiki cha nyuma kabisa, pembeni ya turubai, akijitambulisha kuwa anafanya kazi na marehemu.

Mteja mmoja (nimebadilisha mambo kadhaa asijulikane) aliishi na mwenzake miaka 4 kwenye ghorofa huku Sinza. Mahari ilikuwa inasubiri kiwanja kwanza. Mwanamume akafariki ghafla. Ndugu wakafika, kundi la WhatsApp likafunguliwa, michango ikamiminika kwa simu, mwili ukasafirishwa Bukoba. Yeye kwenye kundi hakuwekwa. Alichanga shilingi 20,000 kupitia kwa rafiki, na daftari la rambirambi likamwandika miongoni mwa watu wa kazini. Ndala za marehemu bado zilikuwa mlangoni, moja imepanda juu ya nyingine.

Kazini nako hakuwa na pa kushika. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inatoa angalau siku 4 za likizo yenye malipo ukifiwa na mtoto, mume au mke, mzazi, babu, bibi, mjukuu, kaka au dada. Mpenzi hayumo. Alidanganya kuwa ana malaria.

Kumbe kuna kifungu cha 160 cha Sheria ya Ndoa ya 1971: mwanamume na mwanamke waliokaa pamoja miaka 2 au zaidi, wakajulikana kama mume na mke, huchukuliwa kuwa wameoana mpaka ithibitishwe vinginevyo. Wajulikane, lakini na nani? Kwenye nyumba ya Kiswahili, vyumba vimepangana huku na huku ya ukumbi, bomba na choo viko uani, na wiki haiishi mama wa chumba cha pili hajajua unapika nini na unampikia nani. Tuliuchukia umbea ule, nami nilikuwa wa kwanza kuhama. Sasa naona ulikuwa ushahidi. Mteja wangu alipotafuta mtu wa kusema "hawa walikuwa mke na mume", alimpata mlinzi wa getini tu, tena mwenye miezi 3 kazini.

Watu hudhani kikao cha kwanza huwa ni cha kufundishwa namna ya kupumua. Siku ile nilisema jambo moja tu kabla hajakaa vizuri:

"Pole sana kwa msiba, dada."

"Asante, nimeshapoa," akajibu, kama tunavyojibu sote. Halafu akaniuliza tarehe ya leo, akahesabu kwa vidole. Ilikuwa siku ya 31, na pole hiyo ndiyo ya kwanza kupewa.