Matundu kwenye diski hayasimamishi gari mapema

Nimechoka kuulizwa swali lilelile na wenye magari ya kasi: "Fundi, nikifunga diski za breki zenye matundu, si nitasimama mapema zaidi?" La, hutasimama mapema, na ukilipeleka gari kwenye uwanja wa mbio huenda ukajuta.

Breki hugeuza mwendo kuwa joto, na nishati ya mwendo huongezeka kwa mraba wa kasi, hivyo gari linalokwenda kilomita 200 kwa saa hubeba mara 4 ya nishati lililokuwa nayo kwenye kilomita 100. Kwa sekunde zile chache za kukanyaga breki, sehemu kubwa ya joto hilo huingia kwanza kwenye chuma cha diski, na ukikitoboa unapunguza chuma kile kile kinacholipokea. Matundu yalikuwa na maana enzi ambazo pedi, yaani vibao vinavyoibana diski, zilipopata moto zilitoa gesi iliyohitaji njia ya kutokea. Pedi za sasa hutoa gesi kidogo mno. Wanaonijibu kwamba Porsche hutoa kiwandani magari yenye diski za matundu wanasema kweli, kwani matundu husaidia kufukuza maji wakati wa mvua na hupunguza uzito kidogo, lakini diski hizo zimesanifiwa hivyo tangu mwanzo, na hata zenyewe zikitumika sana uwanjani huota nyufa ndogo kwenye kingo za matundu. Sembuse diski ya kawaida iliyotobolewa baadaye kwa ajili ya urembo. Ninayo moja niliyoitundika ukutani mwa karakana: ufa umeanzia kwenye tundu moja, ukapitia la pili, ukatokea ukingoni, na ukipitisha kidole unahisi ukucha unanasa. Mteja anayenisikiliza mimi humfungia diski nzima, au yenye mifereji michache ya kukwangua uso wa pedi. Ikiwa mapezi ya hewa ndani ya diski, yaani vijikuta vinavyopitisha hewa ya kuipoza, yamepinda, ya kushoto haifungwi kulia, na kinachoangaliwa ni mapezi, wala si mifereji: kwenye sehemu ya juu ya diski, ncha za nje za mapezi zielekee nyuma ya gari.

Dhana kwamba diski kubwa hufupisha umbali wa kusimama haihitaji maelezo marefu. Kama breki ulizonazo tayari zinaweza kuufanya mfumo wa ABS, ule unaozuia magurudumu yasijifunge, uanze kazi, kikomo ni tairi, na diski kubwa itakusaidia tu kustahimili joto la kufunga breki mara nyingi mfululizo.

Pedi za mashindano nazo hazifai kwa safari za kila siku, kwa sababu nyingi hazishiki vizuri zikiwa baridi, hupiga kelele na huila diski upesi.

Usukani ukitetemeka unapofunga breki, watu husema diski imepinda. Mara nyingi haijapinda. Pedi imeacha utando usiolingana juu ya uso wake, ama kutu kwenye kitovu cha gurudumu imeifanya diski ikae upande. Safisha kitovu, kaza nati kwa kipimo, na pedi mpya uzizoeshe kwa kupunguza mwendo mara kadhaa bila kusimama kabisa, kisha uendeshe polepole zipoe.

Kabla ya kununua chochote katika hivyo, mimi humwambia mteja abadilishe mafuta ya breki, na wengi hukunja uso kwa kuwa mafuta hayaonekani nje ya gurudumu. Kwa kiwango cha DOT 4, mojawapo ya madaraja ya mafuta ya breki, mafuta mapya hayaruhusiwi kuchemka chini ya nyuzi 230 za Selsiasi, lakini yakishanyonya unyevu kikomo hicho hushuka hadi 155. Yakichemka, mvuke hubonyea mahali ambapo mafuta hayabonyei, pedali huzama hadi sakafuni, na hapo diski yoyote uliyoinunua, iwe na matundu au isiwe nayo, haibanwi na kitu.